Kigingi Kando ya Mstari wa Chai

Jumatatu, 10 Machi

Kwanza watu wa nyumbani. Mwalimu wa ngumbaru, ile shule ya watu wazima, alituzoeza hivyo, ukishika kalamu hesabu watu wako kabla ya mambo yako. Baba Chelangat mzima, isipokuwa goti. Kogo, mama yake, amemaliza uji wote leo na bado akapata nguvu ya kugombana na kuku. Cherop mjukuu wangu, kikohozi kimeisha, mdomo haujaisha. Ng'ombe amepunguza maziwa, nyasi imekauka. Chelangat, mama yake Cherop, yuko kazini mjini na sijasikia sauti yake tangu Jumamosi. Mimi mzima. Mgongo tu.

Nimechuna tangu kupambazuke. Chai imeanza kuchipua tena baada ya jua. Mstari wa juu umekaa sawasawa, ukiweka sahani ya uji juu yake haimwagiki.

Vigingi vya mtaro vimeshapigwa shambani. Ni mtaro wa manispaa. Utachukua maji ya mvua kutoka sokoni, upite ukingoni mwa shamba letu, ushuke mpaka mtoni. Mvua ikinyesha sasa hivi maji yote ya soko yanaenda kwa wapangaji wa chini, na takataka zake. Injinia wa huo mtaro ni Chelangat. Mtoto wangu wa kwanza. Watu sasa wananiita Mama Injinia, wengine kwa heshima, wengine kunichokoza tu.

Niandike ukweli, hiki kitabu hakisomwi na mtu. Mkutano wa kwanza wa mtaro nilisimama nikakataa. Mistari miwili ya chai ilikuwa ing'olewe, na ni Kogo aliyeipanda kwa mikono yake akiwa bibi arusi. Nilisema maneno mengi mbele ya chifu na mbele ya mtoto wangu mwenyewe. Chelangat aliinamisha kichwa akaandika. Mwishowe nikatia sahihi. Bado roho inauma nikipita pale.


Jumatano, 12 Machi

Uchovu. Majani mengi leo, nimepeleka kituoni mara mbili.

Kigingi kimoja, kile cha kando ya mstari wa mwisho, kimenirarulia karatasi ya nailoni ninayofunga kiunoni nikichuna na kunigonga mfupa wa mguu. Kilikuwa kimesimama pale kama mlevi njiani, kichwa chekundu. Nimechukua jiwe nikakipiga kikashuka, kikatulia. Sasa kikapu kinapita. Mtu wa chai haachi kitu kimechomoza. Tunavunja kila kinachopita mkono, hata hatufikiri.

Umande umelowesha viatu. Cherop amekataa mboga.


Ijumaa, 14 Machi

Vibarua wamefika kuchimba. Nyapara wao ni Ouma, mtu wa upande wa ziwa, aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi kabla ya hii ya manispaa. Amezeekea huku. Kikipsigis anakiongea kuliko watoto wangu. Amenisalimu vizuri, akauliza goti la mzee, akaomba ruhusa ya kupita ijapokuwa hana haja, mtaro una barua yake.

Ni mtu wa utaratibu. Ana kamba na ana fimbo yenye alama ya kisu. Anafunga kamba kutoka kigingi mpaka kigingi, anashusha fimbo, anawaambia wachimbe mpaka hapo, wasizidishe hata kidole. Kijana mmoja alizidisha, akarudishwa kujaza na kushindilia. Nimewapa mursik kidogo, yale maziwa ya kibuyu. Ouma amekunywa akasema akifa azikwe na kibuyu changu.

Mistari miwili imeng'olewa. Sikutazama. Kogo alitazama mpaka mwisho, ameketi kwenye kigoda.


Jumapili, 16 Machi

Chelangat amekuja baada ya kanisa. Amekonda. Amemshika Cherop mapajani muda wote, hata akila. Nimempikia kuku yule aliyegombana na Kogo.

Nimemuuliza kazi yake hasa ni ipi, maana wanawake wa kanisa wananiuliza na mimi nasema tu ni mambo ya barabara. Amecheka. Amesema kazi yake ni maji safi yafike, maji machafu yaondoke, barabara isikatike, taa iwake, takataka isilale sokoni. Amesema ikifanyika vizuri hakuna anayeiona. Mtu anaiona siku imeharibika, na siku hiyo anauliza injinia ni nani.

Nimemwambia hiyo ni kazi ya mama. Ameomba ugali zaidi.

Ameondoka na sufuria ya maziwa. Siku zote ananirudishia sufuria tupu bila kifuniko. Sijui vifuniko vinaenda wapi.


Alhamisi, 27 Machi

Simiti imekauka. Mtaro unapendeza, mweupe, kuta zimenyooka. Watu wanakuja kuutazama wakitoka sokoni. Mmoja amesema ni kama mtaro wa Nairobi, ijapokuwa najua hajafika Nairobi.

Vibarua waling'oa vigingi vyote jana, wakamwachia Kogo awe na kuni. Ameota moto asubuhi yote. Anasema vinawaka vizuri, ni mti mkavu.

Sina neno lingine. Mgongo.


Jumanne, 8 Aprili

Mvua ya kwanza kubwa. Imeanza saa nane mchana na haikutulia mpaka saa kumi na moja.

Tulitoka na mzee na Cherop tumejifunika nailoni, tukaone maji ya Chelangat yakipita. Yalikuja kwa kasi kutoka sokoni, tukafurahi. Yalipofika karibu na mwisho wa chai yetu yakasimama. Yakazunguka. Yakaanza kupanda. Nilifikiri ni majani yameziba, nikamwambia mzee ashike mti asukume, hakukuwa na majani. Maji yalikuwa yanalala tu, kama yako kwenye bakuli. Kisha yakamwagika ukingoni kwa upande wa chini.

Huko chini ndiko kwa Mama Faith na wapangaji wenzake. Mama Faith anauza chapati sokoni, ana watoto watatu na chumba kimoja. Awali maji yalikuwa yanamfikia mlangoni. Leo yamemfikia kitandani. Unga wote umelowa. Nimekwenda kumsaidia kukokota godoro. Hakunilaumu, alisema tu, polepole, kwamba zamani mvua ilikuwa inapiga hodi, sasa inaingia na viatu.

Watu wanauliza injinia ni nani.


Jumatano, 9 Aprili

Chelangat amekuja na mkubwa wake na ile mashine ya kupimia ya miguu mitatu. Hakuingia nyumbani kunisalimu kwanza. Nimeelewa, yuko kazini. Lakini nimeumia.

Walipima kutoka sokoni mpaka mtoni. Nilisimama kwenye chai nikijifanya nachuna. Sehemu yote ni sawa isipokuwa hapa kwetu, ambapo sakafu ya mtaro imeshuka. Maji yakifika hapa yanataka kupanda mlima ndipo yaendelee, na maji hayapandi.

Wakamwita Ouma. Mkubwa alimuuliza kwa nini alizidisha kuchimba. Ouma akasema hakuzidisha, alipima kutoka kwenye kichwa cha kigingi, kipimo kilekile kwa vigingi vyote, alivyoagizwa. Chelangat akafungua kitabu chake akasema kichwa cha kigingi hicho kilikuwa juu, hapa kimeandikwa. Ouma akasema yeye hapimi kitabu, anapima kigingi. Wakauliza kigingi kiko wapi.

Kogo akacheka kutoka kwenye kigoda. Akawaonyesha jivu.

Nilisikia neno hilo, kichwa cha kigingi, na mikono yangu ikaacha kuchuna. Mimi nilidhani kigingi kinaonyesha mahali. Hapa chimbeni, pale msichimbe. Sikujua kwamba urefu wake ndio kipimo. Sikujua. Naandika mara ya tatu, sikujua.


Alhamisi, 10 Aprili

Sikuchuna. Nimesema ni mgongo.


Ijumaa, 11 Aprili

Ouma amesimamishwa kazi. Barua ameitia sahihi Chelangat. Wanasema ni uzembe. Kontrakta, mwenye vibarua, amesema yeye aliletewa nyapara wa manispaa, kwa hiyo haimhusu.

Naogopa. Niandike ninachoogopa, pengine kikiwa kwenye karatasi kitapungua. Nikisema ni mimi, hakuna atakayeamini ni kwa sababu ya mguu na kikapu. Watakumbuka ule mkutano. Watasema mama yake injinia alikataa mtaro mbele ya chifu, akashindwa, akarudi kuuharibu kwa jiwe. Na watasema Chelangat alijua, akamtupia Ouma ili amfiche mama yake. Mtoto wangu ndiye msichana wa kwanza wa huku kusomea mambo haya. Kuna watu wanangoja aanguke ili wawaambie wasichana wao, mmeona sasa.

Nikinyamaza, Ouma ndiye mzembe. Mtu aliyemrudisha kijana kujaza kwa ajili ya kidole kimoja.

Hakuna upande mzuri. Nimegeuzageuza, hakuna.

Haijapungua.


Jumapili, 13 Aprili

Kanisani Ouma alikaa benchi la nyuma, na yeye hukaa mbele. Wakati wa kusalimiana alinishika mkono akauliza goti la mzee. Nikasema linaendelea. Alinishika na mikono yote miwili. Nilitaka ardhi ipasuke.

Mke wake alinipita bila kunitazama. Ana haki. Anafikiri yuko mbele ya mama wa aliyeandika barua. Hajui yuko mbele ya nani.


Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia Baba Chelangat. Tulikuwa tunakamua, sikuweza kubeba tena. Alisikiliza mpaka ndoo ikajaa. Kisha akasema kigingi kiliungua, jivu limemwagwa kwenye sukuma wiki, na mambo ya jivu mtu hayafufui. Akasema nimfikirie mtoto. Akasema Ouma ni mtu mzima, atapata kazi mahali, huko kiwandani bado wanamjua.

Nimemwambia mtoto ndiye ninayemfikiria. Akasema basi nyamaza.

Mvua tena mchana. Maji yamemwagika tena palepale. Mama Faith ameinua kitanda kwa matofali, watoto wanapanda kama kuku wanaopanda kwenye kijiti. Nimewaleta wawili wadogo hapa kwetu walale na Cherop. Wamekula vizuri. Yule wa kike ameniuliza kama maji ya kwetu hayaingii ndani kwa sababu mimi ni mama wa injinia.

Nimemwongezea maziwa.


Jumanne, 15 Aprili

Nimemwambia Chelangat.

Nilipanda pikipiki mpaka ofisini kwake. Sijawahi kufika. Ni chumba kidogo chenye makaratasi marefu yamekunjwa kama mikeka. Alishtuka, akadhani Cherop ni mgonjwa. Nikasema wote wazima, nikawataja mmoja mmoja, Baba, Kogo, Cherop, ng'ombe, nikawa navuta muda. Akasema, "Mama. Nini?"

Nikasema, "Kile kigingi cha mwisho wa chai. Mimi nilikipiga jiwe kikashuka. Siku mbili kabla Ouma hajachimba."

Nje mtu alikuwa anapiga honi.

"Kwa nini, Mama?"

"Kilikuwa kimechomoza."

Amekulia kwenye chai, alielewa kabla sijaongeza neno. Nimeona alipoelewa, mabega yalishuka. Hakuuliza habari ya mkutano. Hakuuliza kama nilikusudia. Kwa hilo nitamshukuru mpaka nizikwe.

Akauliza, "Kilishuka kiasi gani?"

Nikainua mkono nikamwonyesha, vidole vinne bila gumba. Akatoa tepu kwenye mfuko wa jaketi, akanishika mkono juu ya meza, akapima vidole vyangu vilivyo vyeusi kwa utomvu wa chai. Akafungua kile kitabu chake. Akapima tena. Akasema, "Ndiyo. Ndicho hicho."

Kisha akalia. Mimi nilidhani analia kwa ajili ya Ouma, na ni kweli, alisema ameandika barua kwa mtu asiye na kosa, mtu aliyemfundisha yeye kufunga kamba alipokuja kazini mara ya kwanza. Lakini kulikuwa na lingine. Alisema sheria ya kazi yao ni kupima vigingi upya na mashine asubuhi ya kuchimba, maana ng'ombe hukanyaga, watoto huchezea. Kila shamba kutoka sokoni alirudia kupima.

"Kwetu sikurudia, Mama. Nilisema hapa ni nyumbani, nani atagusa."

Tulikaa pale wawili. Nimemwambia kosa ni langu peke yangu. Akasema si langu peke yangu, na kwamba ataandika yote kama yalivyo, langu na lake. Nikamwomba aandike langu tu. Akakataa. Nikamwomba tena kama mama. Akakataa kama injinia.

Nilisahau kumpa ndizi nilizombebea. Nimerudi nazo.


Alhamisi, 17 Aprili

Leo nilisema mbele ya watu.

Mkubwa wa Chelangat alikuja mtaroni na fundi, kontrakta akaja, na majirani wakaja kwa sababu hakuna siri hapa. Nilimtuma mzee akamwite Ouma. Hakutaka kwenda, akaenda anachechemea. Mke wa Ouma akaja pia, akasimama mbali amefunga mikono.

Nilitaka kusema vizuri, nilikuwa nimepanga maneno wakati wa kukamua. Yote yakatoroka. Nikasema tu kwamba kigingi nilikishusha mimi kwa jiwe kwa sababu kilinigonga, nikidhani ni cha kuonyesha njia, na Ouma alichimba sawasawa na alichokikuta. Nikasema Ouma anisamehe.

Mtu mmoja nyuma akasema, kwa sauti ya kusikika, "Alikuwa anatetea chai yake huyo." Wengine wakaguna. Kile nilichokiogopa kikawa kimefika, kimesimama kwa miguu yake. Nikasema chai niliitoa kwa sahihi yangu, mistari imeng'olewa, kigingi kingenirudishia nini. Sijui kama walinisikia.

Ouma ndiye aliyejibu. Hakumtazama yule mtu, aliutazama mtaro. Alisema, "Anayetaka kuharibu anang'oa kigingi anatupa mtoni. Nani anaharibu kwa kukigongea kikakaa vizuri?"

Kisha akanigeukia. "Mama Injinia, miaka yote hii ya vigingi nimelaumu ng'ombe, nimelaumu fuko, nimelaumu watoto wa shule. Hujanipa hata nafasi ya kukulaumu na wewe." Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Akasema amenisamehe, lakini barua ile ifutwe kwa barua, si kwa mdomo. Mkubwa akasema itafutwa.

Mke wake hakucheka. Alisubiri watu wapungue, akaja akaniambia siku hizi mume wake amekuwa anaamka asubuhi, anavaa nguo za kazi, anakaa nje. Basi. Aliniambia hilo tu akaenda. Ningependa angenitukana.

Chelangat alisimama kando muda wote na kitabu chake. Yeye pia alisema kosa lake, la kutorudia kupima. Wengi hawakulielewa. Mkubwa wake alilielewa.


Jumanne, 29 Aprili

Ouma amerudi kazini. Barua ya kufuta barua ipo, amekuja kunionyesha mwenyewe, ameikunja ndani ya Biblia.

Kurekebisha hakukuwa kazi kubwa. Nilidhani watabomoa yote. Wamejaza simiti kwenye sakafu pale iliposhuka, unene wa vile vidole vyangu vinne, wakalainisha na kuipa mteremko. Siku mbili tu. Ouma alipima na mashine, akapima na kamba, akamwaga ndoo ya maji juu akaifuata kwa miguu mpaka mtoni kama mtu anayefuata ndama. Karatasi na fomu ndizo zilichukua siku nyingine zote.

Na Chelangat wamemwondoa kwenye mitaro. Anahamishiwa upande wa Chepseon, kuangalia takataka za soko na vyoo. Ameandikiwa onyo. Anasema ni haki. Anasema na vyoo ni uinjinia, tena ule unaonuka, hauna wa kuugombania. Anataka nicheke. Nimecheka ili asihangaike.

Mzee hajaniambia nilikosea kusema. Hajaniambia nilifanya vizuri pia. Amenichotea maji mara mbili wiki hii na goti lake vile lilivyo.

Kule sokoni wapo wanaosema. Wataendelea. Wasichana wawili wa kidato cha tatu walikuja kuuliza Chelangat alisoma masomo gani. Niliwaambia hesabu, na kwamba asubuhi ya kuchimba mtu apime upya hata kama ni kwao. Hawakuelewa, waliandika.

Nimechoka kwa namna ambayo kulala hakuiondoi.


Jumamosi, 10 Mei

Mvua tangu saa saba mchana.

Nimetoka peke yangu na nailoni kichwani. Maji yalikuja kutoka sokoni yamebeba maganda ya ndizi na chupa. Yakapita mwisho wa chai yetu bila kusimama, yakashuka. Nikayafuata. Kwa Mama Faith mlango ulikuwa wazi. Sakafu kavu. Alikuwa anasukuma chapati, watoto wanabishana juu ya kijiko, redio inaongea. Maji yanapita hatua tatu kutoka mlangoni kwake na hakuna aliyegeuza kichwa. Nilisimama kidogo. Akaniambia niingie nisilowe bure. Nimekula chapati moja, tumezungumza juu ya meno ya mtoto wake wa mwisho.

Nyumbani wote wazima. Kogo amelala mapema, Baba Chelangat anatengeneza mpini wa jembe, Cherop anachora juu ya gazeti.

Nimemwandikia Chelangat kwenye simu. Herufi ni ndogo, inanichukua muda. Nimemwambia maji yamepita, na Mama Faith hata hakuyaangalia. Nimemuuliza kama huko alipopanga kuna blanketi la kutosha, Chepseon ni baridi. Nimemuuliza amekula nini leo.

Nimemwambia asikawie kunijibu.